Mama Alo na Filimbi ya Refa

Mke wangu alipostaafu walimpa saa ya ukutani na cheti cha shukrani. Akaja navyo nyumbani, akavitundika, akakaa kwenye kiti cha dirishani. Maisha yake yote ya kazi alikuwa opereta wa simu, kwanza kwenye jengo la simu, halafu kwenye swichibodi ya hospitali kubwa, na watu wa kazi ile wamezoea kuitwa tangu asubuhi mpaka jioni. Nyumbani hakuna aliyemwita ila mimi, tena nilimwita kumuuliza soksi zangu ziko wapi. Ikafika mahali nikitoka asubuhi na kurudi mchana namkuta palepale nilipomwacha, mikono mapajani, chai niliyomwekea imefanya utando. Mimi ni mtu wa maneno makali, kila anayenijua atakwambia, lakini siku hizo niliogopa. Nilikuwa naona mtu anazimika taratibu ndani ya nyumba yangu na sina la kufanya.

Kilichomwinua ni biashara, tena biashara ya kuchekesha. Binti wa jirani yetu, anayefanya kazi mbali, alimwomba awe anampigia mama yake simu kila asubuhi, asikie tu kama ameamka salama, naye atamlipa kwa mwezi. Mke wangu akakubali kwa shingo upande. Yule binti akawaambia wenzake wenye wazazi wanaoishi peke yao, nao wakawaambia wengine, na haikupita muda mke wangu akawa na wazee wa mtaa wetu mzima na wa mitaa ya jirani. Wateja wakampa jina, Mama Alo. Mimi nikaiita biashara yake duka la alo, na kila nilipolitaja nilitaka kucheka, ila nilikuwa namshukuru Mungu kimoyomoyo, maana kiti cha dirishani sasa kilikuwa kitupu na nguo za kupiga pasi ndizo zilizokikalia.

Kazi yenyewe aliifanya kama yuko ofisini. Anaoga, anavaa gauni la kutokea, anapaka poda, anakaa kwenye meza ya kulia chakula mgongo umenyooka. Anavaa visikilizio kichwani, anakohoa kidogo kusafisha koo, na anaanza. Mpangilio uko kichwani mwake na hauvunjwi: wa kwanza Bibi wa Paka, anayemfuata Dereva, aliyeendesha malori mpaka mgongo ukagoma, halafu wengine, na wa mwisho Refa. Yeye anasema, "Habari ya asubuhi, Mama Alo hapa." Mteja anajibu neno moja, "Nipo." Anakata, anakwenda kwa mwingine.

Siku moja nilimwambia watu wazima wanapenda kuongea kidogo, awaache wapige soga. Alinitazama kana kwamba nimemtukana mbele za watu.

"Kule kazini ukishasikia mtu amejibu, unatoka kwenye laini," akasema. "Ukibaki unasikiliza, huo ni umbea. Mimi sijawahi kubaki."

"Lakini hawa wanaongea na wewe, Mama. Hakuna mwingine kwenye laini."

"Sheria ni sheria."

Aliyemshinda kwenye sheria hiyo ni Refa. Alikuwa mwamuzi wa mpira enzi zake, akafiwa na mkewe, na sasa anaishi peke yake kwenye nyumba ndogo nyuma ya karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma. Filimbi haikumtoka shingoni hata siku moja, nadhani hata kuoga alioga nayo. Mke wangu akimpigia, hasemi Nipo. Anapuliza filimbi kwenye simu kwa nguvu zake zote. Mke wangu anaruka kwenye kiti, anavua visikilizio, anasugua sikio.

"Refa! Utanitoboa sikio! Neno ni Nipo!"

Kisha anacheka. Kila asubuhi anacheka vilevile, kicheko cha kutoka tumboni, mimi niko jikoni nasubiri maji yachemke. Kusema kweli kicheko kile kilikuwa kinaniudhi. Nimeishi na mwanamke huyu tangu nikiwa na nywele kichwani, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilimchekesha kabla ya chai.

Basi asubuhi moja alimaliza mzunguko wake akaja jikoni anatabasamu. "Leo Refa ameshika adabu," akasema. "Amesema Nipo. Vizuri kabisa, kama mtu mwenye akili zake."

"Hatimaye umemfuga," nikamwambia.

Tulikunywa chai tukiwa na furaha wote wawili, kila mmoja kwa sababu yake.

Kesho yake Refa hakupokea.

Nilimsikia mke wangu akipiga mara ya kwanza, akasubiri mpaka ikakatika yenyewe. Akapiga tena. Akapiga tena. Sikujali. Dereva aliwahi kuisahau simu chooni akatutia wasiwasi asubuhi nzima, na huyu Refa ni mtu wa mizaha. Mke wangu akaniita, sauti ya kawaida tu, akaniambia nivae viatu niende kumtazama. Hayo ndiyo makubaliano na watoto wa wateja: asiyepokea anafuatwa mlangoni, na miguu ya biashara ni mimi, maana yeye habanduki kwenye simu. Nikamwambia nakuja. Nikamalizia chai yangu kwanza. Kisha nikakaa kwenye stuli ya mlangoni nikaanza kufunga kamba za viatu pole kwa pole, kama mtu anayekwenda kupiga picha. Moyoni nilikuwa nasema, na asubiri kidogo huyo bwana filimbi.

Nilipoinua kichwa nikaona uso wa mke wangu umebadilika.

"Jana hakupuliza," akasema.

"Nani?"

"Refa. Mwaka mzima namkemea, hasikii. Jana amesema Nipo." Alikuwa ameshika visikilizio kwa mikono miwili kichwani. "Kwa nini alisema Nipo, mume wangu?"

Jibu alikuwa nalo yeye mwenyewe, nililiona likimwingia.

"Hakuwa na pumzi," akasema. "Hakuwa na pumzi ya kupuliza. Nimemsikia hana pumzi, nikafurahi, nikakata."

Nikasimama na kiatu kimoja hakijafungwa.

"Kama amekufa," akasema, na mkono wake ulikuwa tayari umerudi kwenye simu unabonyeza tena namba ileile, "hivi visikilizio sitavivaa tena maisha yangu. Nakuapia."

Mke wangu haapi ovyo. Nilitazama kile kiti cha dirishani chenye nguo za kupiga pasi, nikatoka mbio.

Mbio zangu mimi ni za kuchekesha, najua. Nilifanya kazi ya kukagua tiketi kwenye mabasi, miaka na miaka nimesimama, na magoti yangu yamelipia. Lakini siku ile nilipita watu barabarani wakigeuka kunitazama. Nilipita kwa kinyozi, nilipita kwa muuza magodoro, nikavuka bila kutazama na dereva mmoja akanitolea maneno ambayo siku nyingine ningesimama nimjibu. Kichwani mwangu kulikuwa na kitu kimoja tu, ile chai. Ningeweza kuiacha. Ilikuwa imebaki nusu kikombe.

Geti la Refa lilikuwa limefungwa kwa ndani. Nikaligonga kwa ngumi, nikaita, "Refa! Refa, ni mimi, mume wa Mama Alo!" Kimya. Nikatega sikio kwenye bati, ndipo nikaisikia simu. Ilikuwa inaita mahali fulani ndani ya nyumba, inakatika, inaanza tena. Mke wangu yule. Simu inayoita ndani ya nyumba iliyofungwa ina maana mwenyewe yumo.

Nikatoa simu yangu nimwambie nimefika. Namba ikawa inatumika. Nikarudia, inatumika. Nikaelewa kwamba sitampata, hataiachia laini ya Refa hata sekunde ya kunisikiliza mimi, na nikajikuta nimeipigia kelele simu kama mwendawazimu, "Kata basi, mwanamke, kata nikwambie!"

Kelele hizo ndizo zilizomtoa fundi wa kuchomelea karakanani mwake. Jitu la miraba minne, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Nikamweleza kwa maneno mawili matatu. Hakuuliza swali. Akakimbilia ndani kuleta mashine ya kukatia chuma, akachomeka, akabonyeza, mashine ikanyamaza. Akaigonga. Akabonyeza tena.

"Umeme umekatika, mzee," akasema. "Asubuhi hii hii jamani!"

"Sasa?"

"Nina ngazi. Ila hainibebi mimi, itavunjika."

Tukatazamana. Yeye alinitazama magotini.

"Ilete," nikasema.

Kupanda sikumbuki vizuri. Kushuka ndiko nakukumbuka, kwa sababu upande wa pili hakukuwa na ngazi. Nilining'inia ukutani kwa mikono, nikasikiliza ile simu ikiita, nikajiachia. Goti la kulia lilitangulia kufika chini na kitu ndani yake kikalia kama kijiti kinavunjwa. Nikauma shati langu nisipige yowe. Fundi akauliza kutoka nje, "Mzee, uko salama?" Nikajibu, "Salama." Nikajikokota mpaka getini nikamfungulia komeo.

Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na wa nyuma una komeo kwa ndani. Dirisha la jikoni lilikuwa la vile vioo vya vipande vinavyolala kimoja juu ya kingine. Tukaanza kuvichomoa, fundi anachomoa na mimi napokea na kupanga chini. Simu ikakatika. Kabla haijaanza tena kulikuwa na kimya kidogo, na ndani ya kimya kile nikasikia kitu.

"Nyamaza," nikamwambia fundi.

"Sijasema kitu."

"Basi usipumue."

Simu ikaanza kuita, ikatuharibia. Tukasubiri. Sijawahi kuichukia simu namna ile. Ilipokatika nikasikia tena, kule ndani, chini, karibu na sakafu. Kitu kidogo kinachakarika. Kinachakarika, kinapumzika, kinachakarika.

Ndani ya filimbi ya mwamuzi kuna punje ndogo ya mbao. Ukipuliza kwa nguvu punje inazunguka na filimbi inalia. Ukipuliza na huna pumzi, filimbi hailii, lakini punje inatikisika. Nilikuwa nasikia punje.

"Yuko hai," nikasema, na sauti yangu ilinitoka nyembamba kama ya mtoto. "Anapuliza. Yuko hai, anapuliza!"

Fundi hakuchomoa tena kioo. Alivunja vilivyobaki kwa kiwiko.

Tulimkuta sakafuni kwenye mlango wa bafu, amelala ubavu, midomo imegeuka rangi ya majivu. Meno yalikuwa yameing'ang'ania filimbi. Simu ilikuwa hatua chache tu kutoka mkono wake, inawaka na kuita na kujisukuma yenyewe sakafuni, naye hakuweza kuifikia. Macho yalikuwa wazi. Aliponiona akaiachia filimbi.

"Kila ikiita," akasema, na kila neno alilitafutia pumzi yake, "nilikuwa... namjibu."

Nikaiokota simu, nikapokea. Kwanza sikusikia kitu. Halafu nikasikia mke wangu akivuta pumzi upande wa pili, na hakuthubutu hata kusema habari ya asubuhi.

"Yupo," nikamwambia. "Mama, yupo."

Alilia kwa sauti, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia akilia kwenye simu.

Tulimpeleka hospitali kwenye pikapu ya fundi, juu ya godoro la Refa mwenyewe. Mapafu yalikuwa yamejaa maji, wakamwekea oksijeni, na daktari akatuambia tumwombee, hawezi kutuahidi kitu, ila tungechelewa mpaka mchana tusingemkuta. Mke wangu alikuja amevaa lile gauni la kutokea. Tulikaa kwenye benchi la korido. Goti langu lilikuwa limevimba limejaa suruali, nikaweka koti juu yake, maana haikuwa siku ya magoti.

Binti wa Refa alimpigia mke wangu kutoka alikokuwa. Niliwasikia wote wawili, korido ilikuwa kimya.

"Mama, jana alikuwaje? Jana ulimpigia, sivyo?"

Ningekuwa mimi ningezungusha maneno. Yeye hakuzungusha. "Jana aliniambia Nipo," akasema. "Nikaridhika, nikakata. Nilisikia sauti yake si yenyewe, mwanangu. Nikakata."

Yule binti akasema atapiga baadaye. Hakuwa na hasira, na nadhani hilo ndilo lililomwumiza mke wangu zaidi. Tuliporudi nyumbani alivitia visikilizio kwenye droo ya kabati, chini ya vitambaa vya meza, akaisukuma droo mpaka ikagonga.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikakuta nguo za kupiga pasi zimewekwa sakafuni. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, ana nguo ya kulalia, mikono mapajani. Nilimwekea chai. Nikamwambia jana umeokoa mtu. Nikamwambia wewe ndiye uliyenituma. Nilimwambia yote niliyoyajua na mengine nikayatunga. Alikuwa ananisikia kama mtu anavyosikia mvua. Saa ya kuanza mzunguko ikafika, ikapita, saa ile ya zawadi ikigonga ukutani juu ya kichwa chake. Nikakaa kwenye meza ya chakula peke yangu na nikahisi woga uleule wa zamani umerudi umevuta kiti karibu yangu.

Simu ikaita.

Ilikuwa mezani mbele yangu. Simu ile haikuwahi kuita saa zile, kazi yake ilikuwa kupiga. Nilidhani ni hospitali. Mke wangu hakugeuka. Nikapokea.

"Yuko wapi?" ilikuwa sauti ya kikongwe, kali, na nyuma yake paka wanalia. "Mama Alo yuko wapi? Mbona hajanipigia? Amekufa?"

"Hajafa, Bibi. Yupo."

"Sikukuuliza wewe. Wewe ukisema yupo nitajuaje? Nataka nimsikie mwenyewe. Nimekaa na simu mkononi tangu muda wake, hata paka sijawapa kitu."

Nikanyanyuka, goti likaniuma mpaka menoni, nikampelekea simu nikaiweka sikioni mwake. Hakuishika. Niliishika mimi. Bibi wa Paka alikuwa anapiga kelele hata mimi nasikia: "Mama Alo! Mama Alo, upo?"

Mke wangu akageuza uso kutoka dirishani.

"Nipo," akasema.

"Haya," akasema bibi, na akaanza kulia, na kulia kwake kulikuwa kwa kugombeza. "Usinifanyie hivyo tena."

Hatujakaa sawa, akapiga Dereva. Baada ya Dereva akapiga mwingine. Walikuwa wakipishana, mmoja akikata mwingine anaingia, mzunguko wote umegeuka wenyewe, na kila mmoja alitaka kumsikia yeye. Katikati ya simu moja na nyingine aliinuka, akafungua ile droo, akavaa visikilizio juu ya kichwa kisichochanwa, akakaa mezani. Mgongo ukanyooka. Nami nikasimama nimeshika ukuta, nisije nikaharibu.

Wote walipokwisha akabaki mmoja. Nilimwona anaitazama simu. Akabonyeza namba ya Refa. Iliita. Iliita sana. Mwishowe akapokea muuguzi, akasema haya, sekunde moja tu, anamsogezea.

Nilisogea. Sauti ilikuja kutoka mbali, imekwaruzika, imechoka, inafuata sheria kwa adabu zote.

"Nipo."

Mke wangu akafumba macho.

"Hilo neno silitaki tena," akasema. "Niambie unaumwa wapi."

Refa akamwambia. Akamwambia mbavu, akamwambia koo, akamwambia alivyoogopa usiku ule wa kwanza alipokosa pumzi na akaona aibu kumsumbua mtu. Akamwambia wauguzi wamemnyang'anya filimbi. Mke wangu hakukata. Alikaa kwenye laini mpaka muuguzi akaichukua simu mwenyewe, na mimi nilisikiliza yote, na kile kijicho changu nilikitafuta nisikione.

Akavua visikilizio. Akageuka, akanitazama nilivyoegemea ukuta.

"Na wewe?" akaniuliza.

"Mimi nipo," nikasema.

Akanivutia kiti kilichokuwa karibu yake na akasubiri, visikilizio mapajani, kama mtu ambaye hana pengine pa kwenda asubuhi hiyo. Nikakaa. Nikapandisha suruali, nikaanza na goti.